Siku Niliyosema na Ukuta

Mjukuu wangu Tumaini,

Hapa mtaani kwetu Soweto hatujambo. Mama yako kamaliza kuvuna viazi. Mimi ni goti tu na baridi hii.

Unauliza kutoka huko Iringa kama Kiingereza cha hospitali kilinishinda. Maneno niliyakariri yote, nikipika. Kuyatumia ndiko kulikokuwa na kazi.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, ndiyo kwanza nimeolewa. Siku moja akaletwa baba mkwe wangu, tumbo limekakamaa. Daktari Mzungu hakujua Kinyakyusa, na mkalimani nilikuwa mimi peke yangu. Nawe unajua mwiko wetu: mke hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye.

"Muulize, ametapika damu?" daktari akafoka. Mzee akajifunika shuka usoni.

Nikageukia ukuta. "Ukuta, daktari anauliza kama mgonjwa ametapika damu."

Nyuma yangu, chini ya shuka, mzee akajibu: "Ukuta, mwambie anatapika damu tangu jana."

Nikamwambia daktari kwa Kiingereza. Mzee akapasuliwa siku hiyohiyo, akapona.

Hatukuizungumzia kamwe. Ila tangu hapo, kila akipita nyumbani kwangu, aligonga ukuta kwa nje mara mbili, akaenda zake.

Bibi yako,
Atupele