Barua Uliyoipiga Lamineshini

Westmead, Sydney
Jumapili, baada ya misa

Kaka Gaudensi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu mama alinilea vizuri, si kwa sababu nimetulia. Wifi hajambo? Watoto je? Na mama, ile miguu imepungua kuvimba, au bado anakunywa dawa siku anazojisikia tu? Mimi mwili mzima. Moyo usiulize. Umejaa, na mlioujaza ni wewe na ofisi ya huku, mmegawana nusu kwa nusu. Nilitaka kupiga simu nikaona nitatamka maneno ambayo mdogo mtu hamwambii kaka yake. Kwa hiyo naandika, na wewe usome mpaka mwisho, usiishie kwenye salamu.

Bahasha yako ilifika. Alhamisi nikiwa kazini wakanipigia kutoka ofisi inayosajili wauguzi, mama mmoja mwenye sauti laini kama anabembeleza mtoto. Akasema barua ya Baraza la Wauguzi la kwetu wameipokea, ila kuna tatizo. Bahasha ilishafunguliwa, ikafungwa tena kwa selotepu. Na barua yenyewe imefunikwa plastiki.

Plastiki! Kaka, nilikaa juu ya ndoo ya nguo chafu. Nilijua hapo hapo. Nani mwingine duniani anayepeleka barua stationari kuipiga lamineshini? Vyeti vyetu vyote umevivalisha plastiki, cha ubatizo, cha darasa la saba, mpaka kadi ya kliniki ya mama ambayo sasa daktari hana pa kuandikia.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ile ile, kama kuna wakati hiyo barua ilipita mikononi mwangu. Umeelewa swali? Anauliza kama nimeghushi. Mimi! Miaka tisa wodi ya wazazi pale hospitali ya misheni, sijawahi kutoka na hata kipande cha pamba mfukoni, leo natuhumiwa kughushi muhuri na mtu ambaye hajawahi kuniona. Nikamwambia aliyefungua ni kaka yangu, alikuwa ananisaidia. Nikamsikia anaandika.

Nilikwambia mara tatu. Mara tatu, Gaudensi! Barua itoke mkononi mwa Baraza, iingie mkononi mwa msafirishaji, imefungwa, imegongwa muhuri juu ya mdomo wa bahasha, mpaka mkononi mwa watu wa huku. Ukasema, "Sawa, nimekuelewa." Kumbe ulielewa nini? Najua ulitoka Songea hadi Dodoma ukaacha palizi katikati, na mvua ndiyo hiyo. Hilo silikatai, na Mungu akulipe. Lakini nani alikwambia uipokee wewe?

Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara nne. "Nimeifungua nihakikishe hawajakosea, si unawajua. Halafu nikaona safari ndefu, isije ikalowa. Karatasi ya maana haiachwi uchi." Mara ya nne nikacheka, kisha nikalia, kisha nikakasirika upya. Maana kwa kwetu ulifanya sawa kabisa. Nani anabeba karatasi kutoka ofisini bila kuisoma pale pale mlangoni? Ukifika nyumbani ukakuta wamekosea, ni nauli nyingine na siku nyingine ya kupanga foleni. Hata mimi ningeifungua. Ndiyo maana nilikwambia usiiguse!

Na wao nao wasijione malaika. Mtihani wa Kiingereza wamenifanyisha mara mbili, utadhani unesi nilifundishwa kwa Kingoni. Nikafaulu. Mtihani wao wa kuandika, nikafaulu. Wa vitendo, wa kumdunga mdoli sindano na kumwambia pole, nikafaulu. Ng'ombe mzima nimemla, kaka, umebaki mkia, na mkia wenyewe ni karatasi moja inayosema Dafrosa hajawahi kufutwa kazi ya uuguzi nchini kwake. Nikamwomba yule mama apige simu Baraza awaulize, dakika mbili tu. Akasema huo si utaratibu wao. "No worries," akasema, "tuma nyingine." No worries! Wasiwasi wote ninao mimi, yeye atakosaje kutulia?

Nyingine hiyo wamenipa wiki sita iwe imefika. Zikipita, faili langu wanalifunga, na matokeo ya Kiingereza nayo yatakuwa yamepitwa na muda. Ni kuanza moja. Sina nguvu ya kuanza moja, nakwambia ukweli.

Mercy, yule nesi Mkenya ninayeishi naye, aliwahi kufanya kazi Botswana, kwa hiyo yeye anadaiwa barua mbili. Kila nchi inamwambia aanze na ile nyingine. Jana ananiambia, "Dafrosa, zoea tu. Mimi niliacha kuhesabu. Tunaosha wazee, siku inasonga, usijimalize bure." Nikamjibu zoea wewe. Tulinuniana mpaka chai ya jioni.

Kuosha wazee sikudharau. Waliosema unesi unaanzia kwenye beseni hawakukosea. Lakini pale nyumba ya wazee mimi ni msaidizi. Naosha, navalisha, nalisha. Kidonge siruhusiwi kutoa, mtungi wa oksijeni siruhusiwi kufungua, na nikigusa ni kosa linaloandikwa. Kosa likiandikwa, na faili lenyewe ndilo hilo wanalitilia shaka, basi tena.

Sasa sikiliza. Rudi Dodoma. Omba barua mpya. Simama hapo uone wanaifunga, uone muhuri unagongwa, uone msafirishaji anaitia kwenye begi lake. Kisha ondoka mikono mitupu. Usiifungue hata kama umesikia wameandika humo kwamba nimekufa. Wakikosea, wakosee wao, nitapambana nao mimi huku. Na stationari usipite, hata kununua kalamu.

Mama msalimie sana, mwambie nakula, asianze. Wifi mwambie vitenge alivyonipa navaa kanisani na Warundi wa kitongoji cha Fairfield wananiuliza fundi wake. Mjomba anayepiga kengele kanisani mpe pole ya bega. Yule jirani anayenilelea kuku wangu, mwambie najua wamebaki watatu, watoto wako wameniambia.

Mdogo wako,
Dafrosa

Jumatatu

Bahasha sikuwa nimeifunga, naongeza haya.

Asubuhi hii baada ya kifungua kinywa, bibi mmoja wa chumba cha mwisho alibanwa na kifua. Ni mwalimu mstaafu, mimi ndiye namvalisha kila siku, na tunapiga soga sana. Nilipoingia midomo imeshabadilika rangi. Nikamkalisha wima, nikabonyeza kengele. Dawa yake ya kupulizia imefungwa kwenye kigari cha dawa, ufunguo yuko nao nesi wa zamu, nesi yuko ghorofa ya juu na mgonjwa aliyeanguka. Mtungi wa oksijeni uko ukutani, hatua nne kutoka nilipo. Hatua nne, kaka. Nimefungua mitungi ya namna ile mara ngapi sijui, hata usingizini naifungua.

Sikuufungua. Nilibonyeza kengele tena, nikamshika mkono, nikasimama. Nilikuwa nawaza faili. Mtu anatafuta pumzi mbele yangu na mimi nawaza faili! Nesi alikuja anakimbia, binti mdogo, kaanza kazi juzi juzi tu, akafungua mtungi, akampa dawa. Bibi akarudiwa na pumzi. Ni mzima, saa hizi analalamikia supu.

Mchana nilikwenda kumvalisha viatu. Akaniangalia muda mrefu, akasema, "Daff, si uliniambia kwenu wewe ni nesi?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mbona ulisimama tu?"

Hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua. Niliinama nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga tena.

Kesho panda basi, kaka.