Madaftari Kumi na Moja ya Mamkubwa Khole

Ibra, nyuma ya soko la zamani
18 Februari 1999

Mpendwa dada Shukriya,

Shikamoo. Kabla hujaendelea, kaa vizuri, maana umeandikiwa na dereva hodari kuliko wote kutoka Ibra mpaka Sur, mtu ambaye ngamia wa Al Mintirib wakimwona wanapisha njia na Mataliani wanapanga foleni kupiga naye picha. Majuzi nimeichomoa gari ya kambi ya watalii iliyozama mchangani mpaka vioo, peke yangu, kwa mkono mmoja. Mkono wa pili uliungua kwenye rejeta, ndiyo maana mwandiko umepinda. Usinicheke. Hata mikono yangu yote miwili ikiwa mizima, mwandiko wangu unaujua.

Hujambo lakini? Shemeji Nabhan hajambo? Yaqeen ameshaota meno, au bado anacheka kama babu? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama yangu goti linamsumbua akipanda ngazi, akishuka linapona.

Mamkubwa karudi kutoka Maskati Jumamosi. Jicho la kulia limefanikiwa. Bandeji ilipotoka, kitu cha kwanza alichokiona vizuri ni nywele zangu, akaniamuru nikanyoe. Basi ujue mama yako anaona.

Najua unachokisubiri. Umeandika mara moja na kupiga simu mara mbili kuuliza madaftari yake, na mara zote mbili nilikwambia laini mbovu. Laini ilikuwa nzima. Nivumilie, dada, nifike taratibu. Naandika kwa sababu simu iko sebuleni na Mamkubwa habanduki sebuleni. Jirani yetu Marhoun anasafiri kuja huko Jumanne, atakupa barua hii mkononi.

Wewe uliolewa mapema, ukaepukana na yule Mwingereza wa mama yako. Mimi nimemla mzima. Yule mwandishi wa zamani, wa enzi riwaya za Kiingereza ndiyo kwanza zinazaliwa, aliyeandika riwaya tatu za barua tupu. Mwaka jana macho yalipomzidia Mamkubwa, alinikamata nimsomee, kwani mimi mwenyewe nilishaitangazia nyumba nzima kuwa Kiingereza nakimwaga. Kiingereza changu ni cha watalii: karibu, funga mkanda, usimpe ngamia biskuti. Yule bwana sentensi yake moja inaanzia Ibra inakwenda kuishia Al Kamil. Basi nikawa naruka. Nikikwama, natunga. Siku moja Mamkubwa kaniuliza, "Zakariya, mzee huyu tumemzika jana. Leo anakula vipi?"

Na watu wa riwaya zake kwa kalamu, astaghfirullah. Msichana kafungiwa chumbani, anaandika. Katoroka, anaandika. Yumo katika kukata roho, anaomba wino. Nikamuuliza Mamkubwa kinachomfurahisha ni nini humo. Akaniambia, "Kila mtu kwenye vitabu hivi yuko mbali na mtu wake. Kama sisi." Siku mbili nzima sikumtania, na wewe unajua hilo ni jambo kubwa kwangu.

Barua yako nilimsomea mimi, Jumamosi hiyo hiyo. Nilipofika pale uliposema umepata mchapaji Mombasa, kwamba ile fasiri yake ya Kiswahili itakuwa kitabu chenye jalada na jina lake, Khole, juu yake, alilia. Daktari kamkataza kulia. Akaniambia, nenda stoo, lichukue lile sanduku la bati la kijani lenye madaftari, lipeleke posta leo, usingoje kesho. Kesho yake kaniuliza kama nimepeleka. Nikamwambia nimepeleka. Tangu hapo anahesabu siku kwa vidole, na anamwambia kila anayekuja kunywa kahawa kwamba kazi yake iko njiani.

Msalimie shemeji Nabhan. Msalimie mama mkwe wako, Bi Huwaida, mwambie halua tumemtilia Marhoun kwenye begi, amdai upesi kabla hajaila yeye. Mbusu Yaqeen mashavu yote mawili. Mama yangu Fawziya anakusalimu. Hata paka anakusalimu. Sasa nimeishiwa na watu wa kusalimia.

Sanduku sikulipeleka posta, dada. Halikuwepo la kupeleka.

Mamkubwa alipokuwa Maskati, Mama alitaka stoo ipakwe rangi, akaniambia nitoe vitu. Wiki hiyo imamu alitangaza kwamba mwenye misahafu iliyochakaa na karatasi zenye jina la Mwenyezi Mungu azilete msikitini, zichomwe kwa heshima na majivu yazikwe, zisije zikakanyagwa. Nikafungua sanduku. Madaftari kumi na moja, wino umefifia, kingo zimeliwa na wadudu. Herufi za Kiarabu. Ukurasa huu Bismillahi, ukurasa ule Bismillahi. Nikasema haya ni madaftari ya chuo cha Kurani ya mabibi zetu. Nilijua Mamkubwa kafasiri, nani asiyejua, miaka ishirini na zaidi ya alasiri zake. Lakini kichwani mwangu Kiswahili kinaandikwa kwa herufi hizi ninazokuandikia. Sikujua kuwa yeye aliandika kama bibi yake alivyomfundisha Unguja, wala kuwa kila barua ya yule Mwingereza aliianzia kwa jina la Mungu, maana kwake barua isiyoanza hivyo haina adabu. Nikalibusu sanduku, nikalipakia garini. Nilijiona mtu wa dini.

Moto niliusimamia mwenyewe, nyuma ya msikiti, baada ya alasiri. Daftari la mwisho lilifunguka kwa upepo, nikausoma mstari mmoja kwa sauti, silabi kwa silabi, kama tulivyosomeshwa utotoni. Nilikuwa nangojea Kiarabu. Kikatoka Kiswahili: "Mama yangu, mlango wa hapa hauna komeo, nimeusukumia kasha." Ilikuwa barua ya yule msichana aliyefungiwa, kwa sauti ya Mamkubwa hasa.

Nikatia mkono motoni. Nimepata nusu ukurasa. Nimekuwekea humu kwenye bahasha, ushike taratibu, pembeni unameguka.

Mamkubwa bado hajui, na sikuombi unisitiri. Ijumaa ijayo baada ya sala mama yako atakupigia simu, kukuuliza umefika daftari la ngapi, na mimi nitakuwa nimekaa sebuleni humo humo. Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, na amhifadhie mama yako jicho lile moja.

Wako akupendaye, ambaye mkono wake haukuungua kwenye rejeta, na gari ile ya kambi waliitoa wengine,

Zakariya