Mainza Mgongoni, Mgeni Nyuma

Choolwe mwenzangu! Nimelowa chapachapa na bado nina hasira.

Baada ya masomo yote yale ya jioni ya kuongoza watalii, mgeni wangu wa kwanza, kijana wa begi kubwa, kaniona na mwanangu Mainza mgongoni. Akamwambia bosi, "Nimeomba wa kunitembeza, siyo yaya."

Yaya! Na bosi akacheka!

Nikatangulia msituni. Kufika darajani, moshi wa maji ya maporomoko ukatufunika, jamaa akaganda.
"Dada, siwezi."
"Shika kitenge changu, kaka. Mwenzio huku mgongoni anacheka."

Akashika, Choolwe! Akashika mpaka ng'ambo!

Tuliporudi, bosi bila haya: "Kesho mtoto umwache nyumbani."
Nikamwambia, "Kesho tunakuja wote. Muulize mgeni wako leo nimelea wangapi."