Skrini Nyeusi ya Kompyuta ya Baba

Jumatatu, 6 Novemba
Nyeusi tena. Shangazi Dalenda anapoiwasha kompyuta ya Baba kule kwao Sfax, mfumo wake wa Linux unatakiwa unifungulie skrini yake huku Tunis, wenyewe. Leo giza tupu. Nikampigia aizime, aiwashe upya.
"Mwanangu, mimi na hilo sanduku hatuongei," akasema. Akaizima hata hivyo. Ikakubali.
Zimebaki herufi tatu za kamusi ya Baba — maneno ya wakamuaji zeituni, miaka kumi na tisa ya kuyakusanya. Tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia, amesema haigusi tena. Nimalizie mimi. Mchapishaji anaitaka Desemba.

Jumatano, 8 Novemba
Nilidhani skrini inaamka kabla ya mtandao. Jana nikaichelewesha dakika moja. Kosa! Siku mbili mfululizo, nyeusi.
Baba kwenye simu: nimefika wapi? Nikamsomea maana tatu. "Unaandika kama karani wa manispaa," akasema. Niliumia kidogo. Ni kweli.

Alhamisi, 9 Novemba
Nimeingia kwa njia ya maandishi tu, nikasoma kumbukumbu za mashine. Jina moja la kuingilia halifungui skrini mbili kwa wakati mmoja. Anayetangulia ndiye anayepata skrini. Na kuna anayetangulia — pale pale, kwenye kibodi, kwa jina la Baba. Dakika yangu ndiyo iliyomfungulia mlango.
Nikampigia Shangazi, akasema yote. Ni Baba mwenyewe. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Neno moja linamchukua nusu saa. Kamwapisha asiniambie, anaona haya.
"Na siku ukiwahi wewe," akasema, "yeye ndiye anayekaa mbele ya giza. Anadhani ameiharibu."


Ijumaa, 10 Novemba
Nimejitengenezea jina langu la kuingilia, ili kila mtu awe na skrini yake. Kilichobaki ni kuizima kompyuta na kuiwasha. Amri nimeshaiandika, sijaibonyeza. Baba yuko ndani, anaandika; nikiizima namkatia.
Nimelifungua faili lake, kusoma tu. Maana ya neno moja, mistari miwili, makosa ya herufi manne. Mimi nisingeweza kuiandika hivyo. Kwa mwendo huu Desemba haifikiki, na mchapishaji ametuma barua nyingine leo.
Saa tano na dakika arobaini. Faili limehifadhiwa tena. Ameongeza neno "polepole", kisha amelifuta. Sasa amelirudisha. Amri bado sijaibonyeza.