Spika Mbili za Uani

Mwenzangu, acha unachokifanya usome haya.

Mjukuu wangu amenunuliwa na baba yake mitambo ya kujifunzia u-DJ. Mashine wameiweka sebuleni wakafunga mlango. Spika mbili wamezitoa nje, uani, nilipokuwa nikianika nguo pamoja na jirani, yule asiyekwisha maneno.

Mtoto akajaribu kipaza sauti: "Moja, mbili." Akakiweka mezani bila kukizima. Muziki wake ulikuwa ukiingia katika vile vidude vya kuvaa masikioni tu, basi wakadhani spika zimelala.

Hazikulala.

Nikamsikia mwanangu, mwanangu wa kumzaa, sauti yake imejaa ua mzima: "Vumilia, binti. Bibi yako tukimpeleka kwa shangazi yako, chumba chake kitakuwa cha muziki wako."

"Na akikataa?"

"Hatumwulizi. Tutamwambia anakwenda kusalimia."

Kusalimia, mwenzangu. Nyumba niliyoijenga na marehemu, niondolewe kwa hila kama mtoto anayepelekwa kudungwa sindano.

Jirani akainama kutafuta kibanio ambacho hakikuanguka.

Nikaingia sebuleni. Mjukuu akavua vidude vyake shingoni, akaniuliza kwa tabasamu: "Bibi, huko nje mnasikia chochote?"

"Kila neno, mjukuu wangu."

Baba yake hakuinua uso. Alianza kukunja nyaya, moja baada ya moja, wala hakuna aliyemwambia azikunje.