Mbegu Ulizozifunga Kiunoni

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia tena, lakini sijazoea kusema nawe bila kukuamkia.

Leo asubuhi nimesia nyanya kule bondeni, baridi hii ya Juni ikiniuma vidole. Nikakukumbuka mpaka nikakaa chini.

Nilikuwa bado mgeni hapa Kiomboi, mwanao kanitoa Itigi, na mimba zangu zilikuwa zinaharibika. Nikasia kitalu cha nyanya, kikagoma kuota. Nikarudia, kikagoma tena. Ndipo jirani yetu akasema kisimani, mbele ya wanawake wenzake, kwamba mkono wangu hauotishi kitu, si shambani wala tumboni. Niliacha ndoo palepale, nikarudi nyumbani nikakueleza huku nalia.

Hukunibembeleza. Ulinishika mkono tukaenda bondeni, ukafukua udongo kwa kidole. Mbegu zilikuwa zimelainika, zinanuka. Ukaniuliza namwagiliaje. Nikajibu kila jioni, maji mengi, nikidhani zina kiu.

"Mbegu haimjui mtu, mwanangu," ulisema. "Hizi zimekufa kwa baridi, na maji yamezinyima hewa."

Ukachukua mbegu nyingine, ukazifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, ukazikaza kiunoni chini ya khanga zipate joto la mwili wako. Ulipika nazo, ukaenda nazo kanisani. Baba mkwe akacheka, akasema sasa umeanza kuatamia. Ulipofungua kitambaa, mbegu zilikuwa zimetoa vijizizi vyeupe. Tukazipanda juujuu, tukatandaza nyasi kavu ili udongo utunze joto la mchana, tukawa tunamwagilia kidogo tu, jua likishapanda. Kitalu kikajaa miche.

Nilidhani utamwita yule jirani aje aone. Badala yake ulimpelekea miche, ukamwambia nimeikuza mimi. Aliipokea. Baadaye alikuja mwenyewe kuniuliza namna ya kuifunika, nikamwonyesha. Mambo ya kisimani hatukuyagusa tena.

Tangu ututoke, bustani naiangalia mimi. Mwaka jana, kwenye lile joto la kabla ya mvua, vitunguu vilinikatalia kuota, nikafikiri nimekosea kila kitu. Kumbe udongo ulikuwa unaungua. Nilipovijengea kivuli, vikatoka. Jambo hilo hukuwahi kunifundisha, nami nilitamani sana kukusimulia. Ungeniuliza maswali hadi chakula kipoe.

Nashukuru, mama. Siku ile ungeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angekulaumu. Wapo wakwe ambao wangeitikia maneno ya jirani. Wewe ulikwenda kwanza kuuliza udongo.

Mtoto sijajaliwa, na zipo siku bado inauma. Lakini mama nilijaliwa.

Pumzika kwa amani,

Mkweo, uliyemwita mwana