Jeneza la Baba Limenienea Mimi

Jumamosi, Rulenge. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika mchana. Sijui kama leo nimecheka au nimelia. Macho yanawasha na mbavu zinauma.

Baba yangu ana miaka themanini na kitu, na haumwi chochote. Majuzi alisikia kwamba fundi Nestori anarudi kwao Burundi. Nestori ni mkimbizi. Alikuja kambini akiwa kijana, sasa ana mvi, na milango yote ya nyumba yetu imetoka mikononi mwake. Baba akamwita akamwomba amtengenezee jeneza kabla hajaondoka. Alisema hataki kuzikwa na mbao za fundi asiyemjua.

Sisi watoto tulinuna. Mama aliacha kumsemesha kabisa.

Leo limeletwa. Zuri kuliko kabati letu la vyombo.

Baba akavua viatu, akatandika mkeka ndani yake, akaingia akalala. Sote tukasimama uani tunamtazama. Miguuni ilibaki nafasi ya kulaza mbuzi. Kumbe alikuwa amekataa kupimwa. Alimtajia fundi urefu wake wa ujanani.

"Nimepungua," alisema kutoka mle ndani, kama mtu aliyeibiwa.

Kisha akanitazama. "Hebu ingia wewe."

Nina miaka arobaini na tisa. Nina kitambi, nina presha, na nina binti anayeolewa baada ya mavuno. Lakini Baba akisema ingia, unaingia.

Limenienea.

Kichwa, mabega, visigino, kama nguo niliyoshonewa. Mke wangu Adela alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Mama naye alicheka huku anafanya ishara ya msalaba. Hata mimi nilicheka, nimelala chali natazama mawingu, halafu nikaacha ghafla. Nilitaka kutoka, kitambi kikanizuia. Baba ndiye aliyenipa mkono akanivuta. Bado ana nguvu za kutisha.

Nestori peke yake hakucheka.

"Mzee, nilipunguze?" aliuliza. Baba alipokuwa bado anafikiri, akaongeza taratibu, "Baba yangu mimi nilimwacha njiani tukikimbia. Nilimfunika majani ya mgomba, basi. Ndiyo maana hili lako nimelipiga msasa mara mbili."

Adela akainuka, akajifuta tope, akaenda jikoni kumpakulia chakula.

Baba alipitisha kiganja juu ya mbao, polepole, kama anayempapasa ndama.

"Usilipunguze," akasema. "Kati yetu wawili, mtu atapatikana."

Tukacheka tena, na safari hii hata Nestori. Alikula nasi, akaagana na Baba kwa kumshika mikono yote miwili, wala hakuna aliyesema tutaonana. Wiki ijayo atakuwa kwao.

Sasa jeneza limo stoo, na Mama anauliza kama si dhambi kuhifadhia maharage humo. Nimemwambia sijui. Kweli sijui. Sijui hata kwa nini nilimwonea wivu Baba, aliyelala mle akatoka akidai ugali.

Maisha yangu yote nimeamini kifo kinafuata foleni, na kwamba Baba amesimama mbele yangu ananikinga. Leo nimeona hakuna foleni.

Nimepiga magoti nisali, nikakwama. Nimwombee yeye maisha marefu kwanza, au nianze na yangu?